Ugonjwa wa huyu unapogombana na wa yule

Ushauri mwingi kuhusu watoto wenye mahitaji maalum huzungumzia mtoto mmoja tu. Kwangu, hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, wako watatu: binti mkubwa ana selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), wa pili ana usonji (autism) pamoja na kifafa, na kitindamimba ana pumu. Kila daktari hunipa masharti ya mgonjwa wake, na yote ni mazuri. Yakishafika sebuleni ndipo yanapoanza kugombana.

Chukua mwezi wa Julai. Baridi ya Nairobi haipatani na selimundu: mishipa ya damu husinyaa, chembe za damu zilizojikunja hukwama, na mifupa huanza kuuma. Mtaani watu huingiza jiko la makaa ndani. Lakini moshi ule utamziba kifua mwenye pumu kabla hata chai haijachemka, na hewa ya makaa kwenye chumba kilichofungwa huua hata mtu mzima wa afya. Kwetu jiko halivuki kizingiti. Binti hulala na soksi, sweta, na chupa ya maji moto niliyoiviringisha kwa leso ili isimuunguze.

Basi ukipewa sharti jipya, lipitishe kwanza kwa kila aliye nyumbani, kisha umwambie daktari bila haya: "Nina mwingine nyumbani mwenye hali hii." Nilipotajiwa mashine ya mvuke kwa ajili ya pumu, nilieleza kwamba mngurumo kama ule humfanya kaka mtu ajigonge kichwa ukutani. Tukapewa inhela na spesa, kile kikopo cha plastiki cha kuvutia dawa. Kikitumiwa vizuri hakishindwi na mashine, isipokuwa mtoto akiwa amezidiwa kabisa, na hapo ni hospitali moja kwa moja.

Dawa nazo zina mambo yake. Kila mtoto ana kopo lake lenye rangi yake, na liko juu ya kabati. Huyu wa pili anakijua kidonge chake kwa sura. Duka la dawa likibadilisha kampuni, kikaja cheupe badala ya kile alichozoea, atakitema hadi usiku wa manane, na dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Kwa hiyo nafungua pakiti pale pale kaunta kabla sijalipa. Wahudumu hukunja uso. Wakunje tu.

Kuhusu kifafa chenyewe, kila mtu nyumbani anajua la kufanya, hata kitindamimba, hata bawabu wa ploti: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa. Mshtuko ukipita dakika 5, tafuta gari.

Shuleni niliandika barua kwa ajili ya binti. Anatakiwa kunywa maji kwa wingi, na figo za mwenye selimundu hazihifadhi maji vizuri, kwa hiyo lazima atoke darasani mara kwa mara. Bila barua huitwa mtoro. Kwa mwenye usonji, anzia kwenye vituo vya EARC, vinavyotathmini mahitaji ya mtoto kielimu, au KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani. Beba karatasi zote za hospitali, na nakala zake, maana za asili ukiziacha hutaziona tena.

Jamaa watauliza ni nani aliyewaroga. Mimi sibishani. Selimundu hutoka kwa wazazi wote wawili, na wazazi ambao wote wawili wamebeba jeni yake wana nafasi 1 kati ya 4, kwa kila mimba, ya kupata mtoto mgonjwa. Anayebisha namshauri akapime damu yake kwanza. Mazungumzo huishia hapo.

Linalochosha kuliko yote ni kliniki. Watoto watatu, tarehe tatu, matatu kwenda na kurudi, na kazi inayokatwa siku nzima kila mara. Omba tarehe zisogezwe zikaribiane, hata kama ni vyumba tofauti vya hospitali hiyo hiyo. Usiombe dirishani wakati foleni imefika langoni; ngoja saa nane mchana watu wakipungua. Karani akikwambia haiwezekani, mtafute muuguzi msimamizi wa kliniki. Huyo ndiye mwenye kitabu.