Msinihesabie walioingia, nihesabieni waliomaliza

Safari hii maswali karibu yote yamegusa jambo moja: sare ya uuguzi ivaliwe na watu wa aina gani. Nimeyafupisha.

Mwanangu wa kiume anataka kusomea uuguzi. Baba yake anasema ni kazi ya wanawake. Nimjibu nini?

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, na nitalijibu tena kwa sababu kuna kijana anayesubiri. Uuguzi ulifanywa kuwa wa wanawake. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilihesabu wauguzi wapatao milioni 28, na tisa katika kila kumi walikuwa wanawake. Hali hiyo ilijengwa kwa kanuni. Chama cha wauguzi cha Uingereza, Royal College of Nursing, hakikupokea wanaume hadi 1960. Huko Marekani, Joe Hogan alinyimwa nafasi katika chuo cha uuguzi cha Mississippi kwa kuwa ni mwanamume, akaenda mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ikampa haki. Msomee mumeo hayo.

Kijana naye aambiwe mapema: wanaume katika fani hii ni wachache, lakini mara nyingi hupandishwa vyeo upesi kuliko dada zao waliowafundisha kazi. Akipewa cheo, aangalie nani amerukwa.

Rangi au lugha ya muuguzi inamsaidia nini mgonjwa? Sindano ni sindano.

Sindano ni sindano, ila ngozi hazifanani. Kwa miaka mingi wanafunzi wamefundishwa kwamba kidonda cha mgandamizo, kile kinachompata mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa, huanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Nilimwona mwanafunzi akimgeuza mzee mmoja ambaye fomu yake ilisema ngozi iko salama. Aligusa kisigino kwa mgongo wa mkono, akatulia, akagusa cha pili, akasema: "Hiki kina joto, halafu kigumu." Alikuwa amejifunza kwa kumuuguza bibi yake nyumbani. Kisigino kile kiliwahiwa.

Hata mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni hukosea. Utafiti wa Michigan uliotolewa 2020 ulionyesha kwamba ilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Sisemi muuguzi mweusi ahudumie weusi tu. Nasema wodi yenye watu wa asili moja hujifunza mwili wa aina moja, na wote humo wanapaswa kujua kutazama fizi na ndani ya kope, ambako rangi ya ngozi haifichi dalili. Tena acheni kumtumia mtoto wa mgonjwa kama mkalimani. Mama hatataja damu inayomtoka ukeni mbele ya mwanawe.

Chuo chetu kimeongeza wanafunzi kutoka jamii zilizoachwa nyuma. Tumefaulu?

Bado. Mary Eliza Mahoney, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuhitimu mafunzo rasmi ya uuguzi, alianza Boston mwaka 1878 pamoja na wenzake, wote 42. Mwaka uliofuata walihitimu wanne. Niambieni wangapi wamefika mwaka wa pili, na walioondoka waliondoka kwa nini. Mara nyingi ni ada, au zamu za wodini zinazogongana na kibarua kinachomlisha, au msimamizi anayemtuma yeye yule kila siku kumwaga vyombo vya haja huku wenzake wakijifunza kuweka dripu. Kuingiza watu bila kuwashika mkono ni kuwapotezea miaka.

Hiyo si kushusha viwango?

Mtihani wa leseni ni mmoja kwa wote.

Tumeajiri wauguzi wengi kutoka nje. Hilo linatosha?

Mmepata mikono. Nitaridhika nikimwona mmoja wao akiwa muuguzi mkuu, na kama wanapangiwa usiku sawa na wengine. Kagueni pia mnakowatoa: orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ina nchi 55 zenye upungufu mkubwa, na haifai kwenda kuwavuna wauguzi wao.

Mgonjwa alikataa nimguse kwa sababu ya rangi yangu. Msimamizi akanihamisha kitanda. Nilikosea kukasirika?

Hukukosea, na pole sana. Mwanamke anayeomba mwanamke mwenzake amwekee mpira wa mkojo ana haki yake. Mgonjwa aliyechanganyikiwa hatutunishiani naye misuli. Lakini mwenye akili timamu anayekutukana aambiwe na msimamizi, pale pale kitandani, wewe ukiwa umesimama karibu, kwamba huyu ndiye muuguzi wake. Andika tukio, tarehe na saa. Msimamizi anayekuhamisha kimya kimya amemkubalia mgonjwa.

Nina miaka 34 na ni mfanya usafi hospitalini. Nimechelewa?

Mahoney aliingia akiwa amepita miaka 30, baada ya kupika na kufua nguo kwa miaka mingi katika hospitali ileile iliyokuja kumfundisha. Jaza fomu, ila kabla hujalipa hata senti, hakikisha chuo kinatambuliwa na baraza la wauguzi.