Maswali yenu ya kuzamia kwenye matumbawe

Sijui kuogelea vizuri, naweza kuzamia na mtungi wa hewa?
Kuonja tu unaweza, mwalimu akiwa amekushika. Cheti ndo hupati hivihivi, kozi ya kwanza ya PADI, lile shirika la kimataifa la kufundisha uzamiaji, watakutaka uogelee mita 200 mfululizo afu uelee dakika 10 bila kushika kitu. Kajifunze kwanza, usione aibu.

Nimegusa tumbawe kidogo tu, gumu kama jiwe, mbona kiongozi alinikemea vile?
Alikuwa na haki ndugu yangu. Lile sio jiwe, lile ni kundi la wanyama wadogo sana, ukisogea na tochi usiku utaona kila mmoja yuko kama kikombe, ana mdomo katikati na vimikono vimeuzunguka, na juu yao kuna ute unaowakinga na magonjwa, sasa kidole chako kinaufuta ule ute. Yale ya mviringo makubwa yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, kwahiyo lenye kimo chako lilianza kabla babu yako hajazaliwa.

Ila niseme ukweli, mkono sio tatizo kubwa, tatizo ni mapezi unayovaa miguuni. Nimemwona mtu anampiga picha pweza, macho yote kwenye kamera, miguu inaning'inia, akapiga pezi mara moja tu na tawi likakatika, pale lilipokatika palikuwa peupe kama chumvi na yeye hata hakujua! Roho iliniuma sana. Mara nyingi ni vile vyuma vya risasi vya kukuzamisha vimezidi kiunoni, basi mtu anajaza hewa kwenye jaketi lake la kuelea, kichwa juu miguu chini. Jipime kwanza penye mchanga: toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishike kidogo ukiwa palepale juu ya maji, maji yakufike usawa wa macho, ukipumua nje uzame polepole. Huko Bonaire, kisiwa cha Karibi, bahari inayozunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979, glovu marufuku, na mgeni anaanza na mbizi ya kujikagua kwanza. Natamani hifadhi zote zifanye hivo.

Hewa yangu inaisha kabla ya wenzangu.
Unashuka sana. Mita 10 unatumia hewa mara mbili ya ile ungetumia juu ya maji, mita 20 mara tatu, na huko chini nyekundu yote imeshapotea unaona bluu tu. Matumbawe yanapenda jua, kwahiyo mita 8 mpaka 12 kuna uzuri wa kutosha kabisa. Afu usibane pumzi ili uokoe hewa, jamani, ukipanda umeibana mapafu yanaweza kupasuka.

Samaki kikande mkubwa alinifukuza, anauma?
Anauma sana tu. Analinda mayai yake kwenye kishimo mchangani, na eneo lake limekaa kama koni inayopanuka kwenda juu, ndo maana anayekimbilia juu anazidi kufukuzwa. Ogelea kwa upande, mapezi yako yawe kati yake na wewe.

Kesho naruka na ndege, leo nizamie?
Mbizi moja, subiri angalau masaa 12. Mbizi kadhaa, angalau 18.

Nimekuta matumbawe meupe pepepe, yamekufa?
Inawezekana bado yako hai. Ndani ya mwili wa tumbawe kuna mwani mdogo unaolilisha na kulipa rangi, sasa maji yakipanda hata digrii moja tu juu ya joto la kawaida la kiangazi na yakakaa hivo wiki kadhaa, tumbawe linautoa ule mwani, unabaki mwili angavu unaoonyesha mifupa. Great Barrier Reef, yale matumbawe makubwa ya Australia, imepigwa hivyo 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Liko hai ila lina njaa, joto likishuka mapema linaweza kupona, kwahiyo pita mbali, usilirushie hata mchanga. Angalia kwa macho tu: ukiona vimikono bado vinacheza, lipo hai, ukiona limeota manyoya ya kijani na samaki pono wanakwangua juu yake, hilo limeshakwenda. Andika kina na mahali ulipoliona uwape walinzi wa hifadhi siku hiyohiyo.