Uliza Fundi: Vigololi vya balansi ndani ya tairi la lori

SWALI: Mbele nimefunga matairi ya 315/80R22.5. Nikifika kilomita 65 kwa saa usukani unaanza kutetemeka, nikifika 80 mikono inakufa ganzi. Risasi za balansi, vile vipande vya uzito vya kwenye rimu, zimeshadondoka mara mbili kwenye barabara ya vumbi. Nasikia kuna vigololi vya kumwaga ndani ya tairi. Niweke kiasi gani, na vinafanyaje kazi? *Dereva, Morogoro*

JIBU: Kabla hujanunua chochote, piga jeki ekseli ya mbele, weka stendi, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi. Ukibaki, ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Vigololi haviponyi vitu hivyo.

Halafu angalia ubavu wa tairi. Karibu na rimu kuna mstari mwembamba uliochorwa kwenye mpira kuzunguka tairi lote. Pima nafasi kati ya mstari huo na ukingo wa rimu sehemu nne. Ukikuta huku milimita 10 na kule 13, tairi halijakaa sawa kwenye rimu. Toa upepo, paka mafuta ya kufungia, lijaze upya. Malalamiko mengi ya balansi huishia hapo, bila kununua kitu. Mwisho zungusha gurudumu huku umeshika chaki karibu na kashata, yaani uso wa tairi unaokanyaga barabara. Chaki ikigusa upande mmoja tu na upande wa pili pengo likapita milimita 3, rimu imepinda au tairi limevimba.

Ukivuka hapo, sasa tuongelee vigololi. Ni punje za kioo au seramiki, mfano wa ulezi. Gurudumu linapokwenda kasi, upande mzito hulifanya lirukeruke juu ya springi, na kitovu cha mzunguko hakikai tena katikati ya habu (kitovu cha chuma kinachofungwa rimu), kinasogea kuelekea upande mzito. Upande mwepesi ndio unakuwa mbali zaidi na kitovu, na vigololi hukimbilia huko mpaka mtetemo utulie. Ukisimama vinaanguka chini. Ukiondoka vinajipanga upya. Ndiyo maana mwendo mdogo unaweza kuhisi mtikisiko kidogo kabla havijakaa.

Kwa saizi yako weka gramu 340 hadi 400 kila tairi, 295/80R22.5 inatosha 280 hadi 340. Jedwali la kwenye pakiti ndilo la mwisho, kwa sababu kioo na seramiki havilingani uzito. Usiongeze kwa kudhani kingi ni bora.

Njia rahisi ni kuvimwaga wakati tairi limefunguliwa upande mmoja. Ng'oa kwanza risasi zote za zamani. Futa maji na sabuni ndani ya tairi mpaka pakauke kabisa, na mwaga maji ya tangi la kompresa kabla ya kujaza. Unyevu ndio adui: vigololi vikilowa vinagandamana kuwa donge, na donge hilo linakuletea mtetemo mbaya kuliko ule wa mwanzo. Dawa ya maji ya kuziba pancha nayo usichanganye.

Unaweza pia kuvipitisha kwenye valvu kwa chupa yake maalumu, baada ya kutoa upepo wote na kung'oa sindano, kile kipande cha ndani ya valvu kinachozuia upepo. Ni kazi ya subira, gonga valvu taratibu visikwame. Kwa vyovyote, rudishia sindano yenye chujio. Ya kawaida inanasa punje moja, upepo unavuja usiku kucha, na asubuhi lawama inakwenda kwa fundi pancha.

Nati za gurudumu kaza kwa mkabala, moja kisha inayotazamana nayo, kwa kipimo cha kitabu cha gari, ukazirudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

SWALI: Tumeweka vigololi, lakini mashine ya balansi bado inasoma gramu nyingi, na kila mara namba tofauti. Tumeibiwa? *Gereji, Mbeya*

JIBU: Hapana. Mashine imelishika gurudumu kwenye shafti ngumu, haliwezi kurukaruka, kwa hiyo vigololi havina cha kuvisukuma mahali pake. Gurudumu lenye vigololi hupimwa barabarani. Ukitaka namba ya mashine, vitoe kwanza.

SWALI: Matairi yetu ni 12.00R20 yenye tyubu. Vinafaa? *Msimamizi wa magari, Mombasa*

JIBU: Mimi siviweki. Lazima viingie ndani ya tyubu yenyewe, na ndani ya tyubu poda na jasho havikosekani. Vikikaa kati ya tyubu na tairi vitaisaga tyubu. Baki na risasi.

SWALI: Tairi likipata pancha? *Utingo, Tunduma*

JIBU: Ng'oa sindano, upepo uishe wote, ndipo utenganishe tairi na rimu. Uso uweke mbali na valvu, maana punje hutoka kwa kasi. Vilivyo vikavu kusanya kwenye beseni, vipime upya na uvirudishe, vilivyolowa tupa.