Hervé Renard: Je, Alikuwa Beki Mashuhuri?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, wenzangu wanashikilia kwamba kocha Hervé Renard alikuwa beki mashuhuri wa Ufaransa, na kwamba bila sifa hiyo asingekabidhiwa timu yoyote ya taifa. Je, ni kweli? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji. Renard, aliyezaliwa Aix-les-Bains mwaka 1968, alikuwa beki wa AS Cannes, lakini hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya Ufaransa, na miaka yake ya mwisho uwanjani aliitumia Vallauris na Draguignan, vilabu vya madaraja ya chini. Alipotundika daluga alijipatia riziki kwa kazi ya usafi, akaanzisha kampuni yake mwenyewe, huku akiifundisha Draguignan.

Aliyemwinua ni kocha Mfaransa Claude Le Roy, ambaye alimfanya msaidizi wake China, kisha Cambridge United ya Uingereza, na baadaye Ghana. Naamini miaka hiyo ya kujifunza chini ya mtu aliyeijua Afrika ilimfaa kuliko jina lolote la uchezaji.

Zambia, majirani zenu wa Mbeya, walimwajiri mwaka 2008, akaondoka, akarejea. Februari 2012 aliwafikisha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Libreville, karibu na bahari ilikoanguka ndege ya timu yao mwaka 1993 na kuwaua wachezaji waliokuwamo. Kabla ya mchezo wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua kwa ajili ya marehemu hao. Baada ya sare ya 0-0, waliishinda Ivory Coast kwa penalti 8-7, na Renard akambeba mikononi beki Joseph Musonda, aliyeumia mapema na kushindwa kutembea, ili ashangilie pamoja na wenzake. Tendo hilo, kwangu, linamweleza kuliko kombe lenyewe.

Mwaka 2015 alitwaa tena kombe hilo, safari hii akiwa na Ivory Coast hiyo hiyo, akawa kocha wa kwanza kulishinda na mataifa mawili tofauti. Baadaye aliipeleka Morocco Kombe la Dunia la 2018, baada ya miaka 20 ya kulikosa.

Kwenye vilabu, hata hivyo, mambo hayakumwendea vizuri: Sochaux ilishuka daraja mwaka 2014 akiwa kocha wake, na Lille ilimwondoa mwaka uliofuata kabla msimu haujafika nusu. Uwezo wake umeonekana zaidi pale anapokaa na wachezaji kwa wiki chache tu, kama Saudi Arabia, akiwa kocha wake, ilipoifunga Argentina 2-1 kwenye Kombe la Dunia nchini Qatar mwaka 2022.