Maswali yenu: korona iliondoka, uchovu ukabaki

Tangu niandike kuhusu korona ya muda mrefu, yaani wanaoendelea kuugua miezi, hata miaka, baada ya korona, barua zinakuja kutoka kote Mombasa, Mji wa Kale hadi Mtongwe. Nyingi zinauliza yale yale: nitatibiwa wapi, na nani ataniamini? Najibu chache leo.

"Mwaka 2021 niliugua homa, nikapoteza kunusa, lakini sikupimwa. Tangu hapo nachoka vibaya na moyo waenda mbio nikisimama. Nimeambiwa bila cheti cha kipimo hawawezi kunisaidia." – Mama, Mji wa Kale

Mama, cheti hicho si sharti. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya Oktoba 2021 kuhusu ugonjwa huu yanamhesabu aliyethibitishwa kuambukizwa na pia anayedhaniwa aliambukizwa. Dalili kwa kawaida huanza ndani ya miezi 3 baada ya kuambukizwa, hudumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Wewe wa Mji wa Kale unakumbuka Mei 2020, mtaa ulipofungwa na watu wakakwepa kupimwa kwa hofu ya karantini. Kumnyima mtu tiba leo kwa kuwa hana karatasi ya siku zile ni dhuluma.

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha korona ya muda mrefu. Kwa hivyo ukirudi, usiombe cheti. Omba uchunguzwe yale yanayofanana nayo: upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingo, moyo. Likipatikana mojawapo, lina dawa. Na kuhusu moyo, fanya hivi nyumbani, mtu akiwa karibu nawe: lala dakika 5, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Kisha simama umeegemea ukuta dakika 10, ukihesabu tena na tena. Ukiona kizunguzungu, kaa mara moja. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko juu, andika tarehe na hesabu zote, umpelekee daktari pamoja na kipimo cha presha. Karatasi hiyo ni vigumu kuipuuza, na hali hiyo inatibika.

"Nauza mahamri. Nikikanda, nikasukuma na kukaanga, siku hiyo naweza. Kesho yake au kesho kutwa siwezi hata kuinua birika. Mume wangu asema nijikaze." – Likoni

Dada, barua yako imenigusa kuliko zote, kwa sababu umeieleza dalili yenyewe barabara. Wengi wenye korona ya muda mrefu huzidiwa baada ya kazi, si wakati wa kazi. Anguko huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, na ndiyo maana watu hawaunganishi mambo. Basi kujikaza ndiko kunakokuangusha.

Pumzika kabla hujachoka. Unga ukandwe jioni, nawe ukiwa umekaa, na usiku uumuke wenyewe, ili asubuhi ibaki kusukuma na kukaanga. Karai lishushwe kwenye jiko la chini, nawe ukae juu ya kigoda. Kukuna nazi mwachie mwanao. Siku ukijihisi mzima, pika kiasi kile kile. Wengi huharibikiwa siku hizo nzuri. Katika daftari la shule andika ulichofanya na ulivyoamka siku mbili zilizofuata. Wiki chache zikipita, kiwango chako utakiona mwenyewe.

Ukipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mwonyeshe daftari kabla hujaanza. Mazoezi ya kuongezwa kila wiki hayamfai mtu anayeanguka hivi.

Na kwa shemeji: mkeo si mvivu. Ndoo za maji zibebe wewe.

"Niende Makadara moja kwa moja? Kazi yangu ni bodaboda, na pesa ni za kuhesabu." – Kisauni

Kaka, Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo sote twaiita Makadara, ni ya rufaa. Anzia zahanati au kituo cha afya cha mtaani. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, huduma za msingi za ngazi ya 2 na 3 (zahanati na vituo vya afya) hazilipiwi na aliyejisajili. Kama bado, piga *147#. Kwa hospitali za juu lazima michango iwe imelipwa: asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Ni mzigo kwa mwenye bodaboda, najua. Ndiyo sababu nasema vipimo vinavyowezekana vifanyike chini kwanza, uchukue nakala zake, kisha uombe barua ya rufaa. Kabla ya kila kipimo kikubwa, uliza dawati la SHA nini kinalipwa.

"Nimekosa kazi siku nyingi na msimamizi atisha kunifukuza." – Changamwe

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Ni kidogo mno kwa ugonjwa huu, lakini mkataba wa chama chenu cha wafanyakazi huenda unatoa zaidi. Muulize mwakilishi. Kabla ya kukufukuza kwa sababu ya afya, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mwenzako wa kazini au mwakilishi akiwepo, na akusikilize. Mwombe daktari aandike kazi gani unaweza na ipi huwezi.

"Mama yangu anywa kombe na kujifukiza. Tumzuie?" – Majengo

Kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, likiwa la maji safi, msimnyang'anye. Ila asiache dawa za presha au sukari. Kujifukiza kumeunguza wengi na hakuondoi ugonjwa huu, kwa hivyo aache. Akibanwa na kifua, akikosa pumzi akiwa amekaa, akizirai au mdomo ukienda upande, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.