Kabla Hujaitukana Lenzi ya Bei Nafuu

Msimu wa nyumbu kuzaa ukikaribia kwisha kule Ndutu, najua ninachokwenda kusikia mjini Arusha. Kijana anashuka garini na vumbi lake, anafungua kamera, anamkuza duma kwenye skrini mpaka pikseli zinaonekana, kisha anatoa hukumu: "Kaka, lenzi yangu butu." Mwenzake anaitikia kwamba bila lenzi nyeupe za bei ya kiwanja hakuna picha ya maana. Mwaka huu wamenijia tena na maneno yale yale, vijana waongozaji wa watalii ninaowapenda, wenye macho ya kumwona chui juu ya mgunga kabla mgeni hajainua darubini. Macho hayo hayo hawayatumii kukagua picha zao wenyewe, na ndiyo sababu naandika.

Nasema na ninyi mlioanza na bodi ya APS-C, yaani kamera yenye sensa ndogo, na zumu (lenzi ya kuvuta karibu) inayoishia milimita 250 au 300. Shata (muda wa kufunguka, kama 1/500 ya sekunde), apacha (upana wa tundu la lenzi, zile namba za f) na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) mnazijua, sizirudii.

1. Pima mwisho wa zumu. Hakuna anayenunua 70-300 ili apige kwa 70. Zumu za bei nafuu nyingi hufanya vizuri mpaka karibu milimita 200, na ubora wake unaachana kuanzia hapo kwenda juu. Canon EF 75-300 III, ile ya 1999, ndiyo inayouzwa kwa wingi kwa sababu namba yake ni kubwa na bei yake ni ndogo. Kule 300, apacha ikiwa wazi, picha yake inalegea, yaani inakosa ukali, kingo za pembe zinapata ufito wa zambarau, na lenzi haina stebilaiza, kile kifaa cha ndani cha kupunguza mtikisiko. EF-S 55-250 IS STM ya 2013 imepungukiwa milimita 50, lakini ikate picha yake mpaka mnyama alingane na wa ile ya 300, utaona bado manyoya yanahesabika. Ina stebilaiza, fokasi yake haipigi kelele, na uzito wake ni gramu 375. Nimeulizwa swali hili la Canon mbili hizi mpaka nimechoka: chukua 55-250. Na mwaka 2025 Canon wameirudisha 75-300 kwa ajili ya kamera zake mpya za RF, zisizo na kioo cha kuakisi, vioo vikiwa na mpangilio ule ule wa zamani na stebilaiza ikiwa bado haipo, basi boksi jipya lisikubabaishe.

2. Zima injini. Dizeli inayonguruma inatikisa gari zima, na mgeni mmoja akihama kiti inatosha kuharibu fremu. Kwa 300 kwenye Canon ya APS-C zidisha kwa 1.6: unapata 480, na namba ya shata isipungue hiyo, kwa hiyo usishuke chini ya 1/500 hata kwa simba aliyelala. Anayetembea mpe 1/1000, ndege arukaye 1/2000. Stebilaiza inatuliza mikono yako, swala haiwezi kumtuliza. Weka mfuko wa maharage dirishani. ISO ipande, iache ipande. Chenga zinasafishika, mtikisiko hausafishiki.

3. Hewa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa nilimwumiza mtu.

Alikuwa kijana katika mwaka wake wa kwanza wa kuendesha na kuongoza. Alijibana akanunua Tamron 70-300 yenye VC (stebilaiza ya Tamron), ya mkononi, imetunzwa. Akaenda nayo Serengeti, akarudi na duma aliyesimama juu ya kichuguu, mwanga tele, mnyama ametulia, na picha zote zimelegea. Akanionyesha mbele ya wenzake. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale, wote wakinisubiri niseme kitu, na nilipenda kuonekana mtu anayejua kwa kutupa jicho tu. Nikazikuza mbili tatu, nikamrudishia kamera, nikamwambia, "Iuze hii." Sikumuuliza alipiga saa ngapi. Sikumuuliza duma alikuwa umbali gani. Lenzi yenyewe sikuigusa.

Akaiuza, na kwa hasara. Akakopa, akanunua nyingine kubwa na ghali zaidi, na safari iliyofuata akaja na ulegevu ule ule. Ndipo nilipokaa naye kwenye kompyuta, kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo, tukafungua faili moja baada ya nyingine. Shata 1/1600, kwa hiyo mkono hauna hatia. Alama ya fokasi iko begani kwa mnyama, barabara. Saa: saa saba mchana. Inayofuata: saa saba na robo. Katikati ya folda ile ile kulikuwa na bweha aliyepigwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jirani kabisa na barabara, na sharubu zake ungeweza kuzihesabu. Tukamtafuta aliyeinunua ile Tamron, tukaiazima, tukaipima alfajiri. Ilikuwa safi kuanzia 70 mpaka 300. Lenzi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na deni likabaki kwake, akalilipa kwa mshahara wa mwongozaji anayeanza. Hakunilaumu hata siku moja. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenilaumu.

Kilichoharibu picha za duma ni mazigazi. Kuanzia saa nne hivi, jua likiwa limeshaipasha mbuga, hewa ya chini inapata moto na kupanda, ya juu yake ina baridi zaidi, na mwanga unapopita katikati ya hewa hizo unapindapinda. Mnyama aliye mita mia na hamsini unamtazama kupitia hewa yote hiyo, ni sawa na kumpiga mtu picha kupitia mvuke wa sufuria. Hakuna lenzi inayolitibu jambo hili. Iliyo ndefu zaidi inalikuza pamoja na mnyama, na ndiyo maana mkopo wa yule kijana haukumsaidia kitu. Dalili yake ni rahisi: piga fremu kumi mfululizo bila kugusa chochote. Ikiwa kila fremu imelegea kwa namna yake, hii mdomoni, ile miguuni, ni hewa. Kioo kibovu hukosea pale pale kila mara. Vilevile washa skrini ya nyuma, kuza, utaiona nyasi ikicheza. Sakafu ya Ngorongoro mchana inafanya hivyo, na kandokando ya maziwa ya magadi ni balaa. Boneti yenye moto iliyo mbele ya lenzi yako nayo inatengeneza mazigazi yake yenyewe, hata asubuhi. Dawa ni kusogea barabara inaporuhusu, au kuamka mapema, au kumwacha duma akae zake huku wewe ukimwangalia kwa macho.

4. Vua ile filta ya UV ya bei chee kabla ya kupima chochote. Hudi, ile kofia ya mbele, inatosha kuilinda lenzi.

5. Tenganisha kioo na fokasi. Asubuhi, kamera juu ya tripodi, kitu chenye maandishi kikiwa mita kumi hivi. Piga kwa kutazama tunduni, kisha piga kwa skrini ya nyuma. Ya skrini ikiwa kali na ya tunduni imelegea, lenzi ni nzima ila fokasi ya bodi hiyo inatua mbele au nyuma ya shabaha. Nikon D7000, D7100 na D7200 zinakuruhusu kurekebisha hilo kwenye menyu, Canon 70D na 7D pia. Familia za D3000 na D5000 haziruhusu, hapo mpelekee fundi. Kumbukeni pia kwamba kwa 300, f/5.6, mita kumi, eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha sentimita 25 hivi. Simba akikuelekea, pua ikishika, masikio yameshatoka. Nimeona lenzi nzuri zikishutumiwa kwa sababu ya masikio ya simba.

6. Nenda f/8. Zumu hizi nyingi zinaamka ukiziba stopu moja kutoka f/5.6. Usiendelee mpaka f/16, huko ukali unaanza kushuka tena.

7. Ya mkononi ipime papo hapo dukani, Kariakoo au Nairobi, popote. Piga ukuta wa matofali ulio mbali, ukiwa umeukabili sawasawa, linganisha pembe nne: upande mmoja ukiwa umelegea peke yake, vioo vya ndani vimehama, irudishe. Mulika tochi ya simu kutokea nyuma uone kama kuna fangasi, hasa ikiwa imelala kabatini Dar, Tanga au Mombasa. Vumbi kidogo la ndani halina neno. Serengeti nani hana vumbi?

8. Thamani ipimeni kwa ukubwa wa picha itakayotumika. Bodi ya megapikseli 24 inatoa picha yenye upana wa pikseli 6,000. Lodji ikikuomba picha ya pikseli 2,000 kwa ajili ya tovuti yake, kila kilichokutisha ulipokuza asilimia mia kimepungua mpaka theluthi. Mtu anayelia juu ya ukali wakati kazi zake zote zinaishia kwenye simu, namwomba atumie pesa hizo kwa betri ya pili na kadi nzuri. Lakini ukiwa unachapisha A3, au unapiga ndege na kukata sana, hapo zumu ndefu kama 150-600 zinastahili. Tamron waliifungua njia mwishoni mwa 2013, Sigma wakafuata na Contemporary, na Nikon wakaja na 200-500 f/5.6 mwaka 2015. Zote ni nzuri kuliko bei zake, hasa mpaka 500. Kwa 600 ziba mpaka f/8. Uzito ni karibu kilo mbili na kuendelea, basi azima kwanza, ukae nayo siku nzima juu ya paa la gari, bega lako likuambie.

9. Nikon AF-P 70-300 VR (yenye stebilaiza) ya DX, familia ya APS-C ya Nikon, ya 2016, ndiyo ninayowashauri wenye Nikon ndogo: nyepesi, kali mpaka mwisho, fokasi ya haraka. Ila haishiki fokasi kwenye D90, D3100, D3200, D5100 wala D7000, hata kwa kuzungusha pete ya mkono, kwa sababu pete yenyewe inategemea bodi kuielewa. Nendeni dukani na bodi zenu shingoni, mfunge lenzi, mpige. Ukiwa na mojawapo ya bodi hizo tano, iache hapo hapo hata muuzaji akushushie bei mpaka nusu, utafute ile ya zamani ya AF-S 70-300 VR ya 2006.