Vikombe viwili vya chai vilivyonila gego

Mwaka jana niling'olewa gego la chini, upande wa kushoto, na mpaka leo ulimi wangu haujakubali. Nikinyamaza kidogo tu, unakwenda penye pengo kupapasa.

Kilichoniuma kuliko sindano ya ganzi ni swali la daktari, binti mdogo tu. "Baba, chai unakunywa vikombe vingapi kwa siku?" Nikamjibu kifua mbele: viwili tu. Na ni kweli. Nauza vitambaa Darajani, na kila asubuhi mke wangu hunitilia chai ya maziwa kwenye chupa, iliki na tangawizi ndani, sukari ya kutosha, vikombe viwili basi. Akauliza tena: "Na vinakwisha saa ngapi?" Hapo nikashikwa. Naifungua chupa saa mbili nikishafungua duka, napiga fundo, nampimia mteja kanga, napiga fundo jengine, na ikiadhiniwa alasiri bado kuna kitu kinatikisika chini.

Akanieleza. Ule utando unaouhisi kwenye meno asubuhi umejaa bakteria. Ukila sukari nao wanakula, na wakishakula wanatoa asidi inayoyeyusha madini ya jino. Mate ndiyo yanayoiosha asidi ile na kurudisha madini, lakini yanataka muda wao, nusu saa hadi saa nzima. Anayekunywa vikombe viwili kwa kikao kimoja amewalisha wadudu wake mara moja. Mimi niliwafungulia mgahawa kutwa. Na nilikuwa napiga mswaki asubuhi na usiku bila ya kukosa, jambo ambalo nilidhani linanitosha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si kuacha sukari, maana simjui Mzanzibari atakayenisikiliza. Halua kula, kashata kula, lakini kula mara moja, pamoja na chakula, ukimaliza, funga mdomo. Katikati ni maji.

Sasa karafuu. Mimi mtu wa Wete, Pemba, nimekua na harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, na gego lilipoanza kugonga usiku sikufikiri mara mbili: pamba, mafuta ya karafuu, nikabana. Yanafanya kazi, wallahi. Yana eujenoli, ndiyo inayotia ganzi. Na kwa sababu yanafanya kazi, yalinidanganya miezi minne. Maumivu yalilala, tundu halikulala. Usiku mmoja gego likaacha kuuma kabisa, nikamshukuru Mungu, kumbe neva imekufa. Baada ya wiki mbili shavu likavimba kama nimeficha embe. Ningekwenda mwanzoni, jino lingezibwa. Karafuu ikuvushe usiku, asubuhi nenda hospitali. Na usiyamimine matupu kwenye ufizi, yanaunguza. Ukivimba ukawa na homa, au kumeza kukawa tabu, usingoje hata hiyo asubuhi.

Niliporudi nyumbani nikamwita binti yangu wa miaka saba, nikamulika kinywa chake kwa tochi ya simu. Gego la nyuma kabisa lilikuwa na nukta nyeusi. Mama yake akasema ni la utoto hilo, litang'oka. Ndivyo tulivyoamini sote. Kumbe gego hilo huota kwenye miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi hatulioni likija. Ndilo la maisha. Lake lilizibwa, alhamdulillahi. Mhalifu tulimjua kwa rangi ya ulimi: ubuyu. Mtoto anafyonza kokwa moja mpaka inakuwa nyeupe, halafu nyengine, njia nzima kutoka skuli. Sukari na uchachu kwa pamoja, kwa saa nzima. Siku hizi anaula baada ya chakula cha mchana, kisha anakunywa maji. Alinuna siku tatu.

Mengine nitayapitisha haraka. Dawa ya mswaki iwe na floraidi, madini yanayolinda jino. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita inatosha kiasi cha punje ya njegere, na aliye chini ya hapo ni kama punje ya mchele. Ukimaliza, tema, usisukutue kwa maji, maana unaimwaga floraidi uliyoilipia. Mswaki wa mti ni mzuri na ni sunna, nami nautumia, lakini usiku natumia dawa pia. Usiku mate hupungua, na jino lililolala na sukari halina wa kulitetea. Ramadhani ndiyo mtihani: futari, kaimati, tende, juisi, mpaka daku, halafu mtu anajitupa kitandani. Weka simu ikuamshe mapema kidogo, ule daku, upige mswaki kabla ya alfajiri.

Chupa bado naibeba dukani. Wiki iliyopita jirani yangu muuza viatu alijimiminia kikombe kama kawaida yake, akanywa, akakuta maji. Aliniangalia kwa huruma, akaniuliza kama biashara imeniharibikia.